Uvimbe Niliouogopa

Machi mwaka jana nilianza kuumwa tumbo upande wa kulia, chini ya kitovu. Maumivu yenyewe hayakuwa makali. Yalikuja nikiinua gunia la maharage kwenye kibanda changu sokoni Tunduma, yakapoa nikikaa. Ningeyaacha, lakini nilikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa bila mtoto, na mwanamke wa namna hiyo hapuuzi kitu cha tumboni.

Nilikwenda kupima ultrasaundi. Daktari alinionyesha duara jeusi kwenye kioo.

"Huu ni uvimbe wa maji kwenye kifuko chako cha mayai," alisema. "Sentimita nne. Ndani ni maji matupu, hakuna nyama. Kwa umri wako, mara nyingi huisha wenyewe."

"Na usipoisha?"

"Ndiyo maana utarudi baada ya miezi miwili tuupime tena. Ila maumivu yakija ghafla, makali, ukatapika au ukazimia, usingoje tarehe. Na ukiona tumbo linajaa, unashiba kwa tonge mbili tatu, haja ndogo kila saa, njoo pia."

Maneno hayo niliyabeba kama kidonda. Kila asubuhi nilijipima kiuno kwa utepe wa cherehani. Rabson, mume wangu, aliniuliza mara moja tu kwa nini siishughulikii biashara, kisha akaacha kuuliza. Jumamosi nilifunga kibanda nikaenda Itumba kwa dada yangu Tumpale.

Dada alinizidi miaka ishirini na minne. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na Tumpale akanichukua nikakua na wanawe. Siku ya harusi yangu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama.

Nilimweleza yote jikoni, nikalia. Alinifuta uso kwa upande wa kitenge chake.

"Ni maji, Atu. Daktari kasema maji. Sasa unalilia nini?"

Alipakua ndizi na maharage. Mimi nikala, maana kwake sikuwahi kukosa hamu. Yeye alikula kidogo, akasogeza sahani.

"Mbona huli, dada?"

"Siku hizi nashiba upesi. Uzee huo."

Akatoka kwenda chooni, mara ya pili tangu nifike. Aliporudi nikamtazama vizuri. Mikono ilikuwa imekonda, mifupa ya shingo imetokeza, lakini tumbo lilisukuma kitenge mbele. Krismasi nilimtania kwamba amenenepa.

"Hilo tumbo limeanza lini?"

"Gesi hii. Tangu Novemba hivi." Aliona ninavyomwangalia. "Mimi hedhi niliiacha miaka mitano iliyopita, mdogo wangu. Huko kwangu hakuna tena kitu cha kuugua."

Nikamrudia maneno ya daktari, neno kwa neno. Akacheka. "Unataka tugawane ugonjwa wako?"

Nilimwomba aende hospitali. Akasema ataenda maharage yakishavunwa. Yalipovunwa akasema baada ya semina ya kina mama kanisani. Nilimpigia simu kila wiki, lakini kila mara tuliishia kuzungumza habari zangu: limeuma, halijauma, tarehe inakaribia. Yeye aliuliza na mimi nilijibu.

Katikati ya Mei mume wake, shemeji Zabron, alinipigia. Dada hakuweza tena kulala chali, alikosa pumzi. Tulimpeleka hospitali pale Itumba, na siku hiyohiyo wakatupa rufaa ya Mbeya.

Uvimbe wake haukuwa wa maji matupu. Ulikuwa mkubwa, wenye nyama ndani, na maji yalikuwa yamejaa tumbo zima. Walimfanyia vipimo vya damu, wakamfungua. Daktari wa upasuaji alitukuta mimi na Zabron kwenye benchi la korido, akakaa nasi kabla ya kusema. Ilikuwa saratani. Ilikuwa imefika kwenye utumbo na ini. Walikuwa wametoa walichoweza.

Wiki hiyo miezi yangu miwili ilitimia. Sikuwa na nia ya kwenda popote, lakini dada aliikumbuka tarehe yangu kuliko mimi.

"Nenda kapime," aliniambia kitandani. "Usinifanye niwe sababu."

Nilipima hapohapo Mbeya. Mpimaji aliizungusha mashine upande wa kulia, akarudia, akaniambia niinuke. Hapakuwa na kitu. Uvimbe ulikuwa umeisha wenyewe.

Nilisimama nje ya wodi muda mrefu. Sikujua nitaingia na uso gani.

"Wamesemaje?" aliuliza nilipokaribia.

"Bado wanaangalia."

"Atu."

Nikainamisha kichwa. "Umeisha, dada. Haupo."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, ila midomo yake ilikuwa inatembea, nikajua anaomba. Alipomaliza alinishika mkono. "Sasa nenda ukale," alisema.

Dawa za mishipani zilimshinda baada ya mara ya pili. Julai aliomba arudishwe nyumbani, na tarehe tisa Agosti akafariki Itumba, mchana, Zabron akimnywesha uji.

Baada ya matanga nilibaki wiki moja kumsaidia shemeji kuchuma kahawa, iliyokuwa imeanza kukauka mitini. Siku ya tatu aliuliza, bila kugeuka.

"Shemeji, ile siku ya Machi uliliona tumbo lake. Kwa nini hukumvuta kwa nguvu?"

Hakusema kwa hasira. Alitaka kujua tu.

"Nilikuwa nawaza langu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nililala naye kitanda kimoja," alisema, "nikafikiri ni gesi."

Akasogea mti wa pili. Tulichuma mpaka mwisho wa mstari.