Natalia Amtuma Mtani kwa Mjomba

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, kijiji kizima cha Chanzuru kilijua kabla Natalia mwenyewe hajafungua simu yake. Alikuwa amepata daraja la kwanza katika fizikia, jiografia na hisabati, masomo ambayo watu wengi wa pale wakisikia yanatajwa hubadilisha mazungumzo. Mama yake, Regina, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Baba yake, Melkizedek, alikwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake, akarudi na macho mekundu, akasema ni moshi. Hakuna aliyekuwa amewasha moto, lakini walimwachia uongo wake.

Likabaki jambo moja, kubwa kuliko mtihani wenyewe: akasome nini chuo kikuu. Natalia alikuwa na jibu. Tabu ni kwamba hata mjomba wake alikuwa nalo, na majibu hayo mawili hayakufanana hata kidogo.

Asiyeujua ukoo wa akina Regina atauliza mjomba anaingiaje hapo, na baba mtu yupo, mzima wa afya. Anaingia, tena kwa mlango wa mbele. Katika ukoo ule mtoto ni wa upande wa mama, na kauli ya mwisho juu yake, asome wapi, aolewe na nani, ni ya kaka wa mama. Melkizedek alikuwa na kauli kwenye shamba la mpunga na kwenye redio. Kwenye hili alitakiwa kusikiliza, na kwa kuwa ni mtu mpole, alisikiliza vizuri.

Mjomba huyo aliitwa Beda. Aliishi Mikumi, na kwa miaka mingi alikuwa akiendesha gari la kuwatembeza watalii mbugani. Alikuwa mtu mcheshi na mkarimu, na mwenye uhakika wa kila jambo, hata yale ambayo hakuwahi kuyafikiria. Siku ile ile ya matokeo alipiga simu.

"Shikamoo mjomba," alisema Natalia.

"Marahaba mpwa wangu. Umetutoa kimasomaso. Sasa usihangaike kutafuta, nimekwishakutafutia. Utasoma utalii. Mimi kila siku nawabeba hao waliosoma, nawaona wanavyoishi. Utalii hauna njaa."

"Nimesikia, mjomba."

Na kweli alikuwa amesikia. Kukubali ni habari nyingine, na hiyo hakuulizwa.

Alichokitaka Natalia ni uhandisi wa umwagiliaji, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na hakukiota usingizini. Wakati wa kusubiri matokeo alikwenda kukaa Mikumi kwa mjomba, akawa anamsaidia mke wa mjomba kwenye mgahawa wake wa kando ya barabara kuu. Walikuwa wakila pale madereva wa malori, wafanyakazi wa kambi za watalii, mafundi, na maofisa wa kilimo wakienda au wakitoka Kilosa. Natalia akishaweka sahani ya wali na maharage mbele ya mteja, alikuwa na swali lake moja: "Pale kazini kwenu, ni kitu gani kikikwama mnamwita mtu kutoka mbali?"

Mwanzoni walimcheka. Kisha wakawa wanajibu, maana mtu akiwa na chakula mbele yake hupenda kuulizwa habari za kazi yake. Mpishi wa kambi moja alimwambia kisima chao kikileta matatizo wageni huoga kwa ndoo mpaka mtu aje kutoka Dar. Bwana mmoja wa Kilangali alimwambia kuhusu mifereji ya mashamba ya mbegu, na jinsi wanavyomsubiri mhandisi ambaye naye anasubiriwa na mikoa mingine. Na Natalia mwenyewe ni mtoto wa Chanzuru. Aliujua mto unavyokuja masika ukaumeza mpunga, na kufika Septemba watu wale wale wanafukua mchanga kutafuta ndoo ya maji. Bonde moja, mwaka mmoja, maji ya kuzamisha na maji ya kutafuta kwa jembe. Akajiambia hapa kuna kazi isiyokwisha leo wala kesho, na tangu siku hiyo hakuwa na wasiwasi tena.

Habari za utalii nazo aliziuliza, asije akasemwa amependelea. Wengi walimsifia. Lakini vijana waliosomea hasa walimwambia mambo mawili: kwamba kazi ni nzuri wageni wakiwepo, na kwamba wao wenyewe ni wengi kuliko wageni. Aliyemkutanisha na vijana hao ni Bryson, mtoto wa kwanza wa mjomba Beda, aliyekuwa akiendesha bodaboda pale stendi ya Mikumi.

Huyu Bryson alikuwa amepita miaka thelathini na alikuwa na shahada ya ualimu. Baba yake ndiye aliyemchagulia, katika zama ambazo mwalimu alipangiwa kituo kabla hajarudisha joho la mahafali. Mpaka Bryson anamaliza, zama hizo zilikuwa zimekwisha. Akaomba ajira, akaomba tena, akanunua pikipiki. Yeye na baba yake walisalimiana, walikula meza moja, na zaidi ya hapo hawakuwa na maneno.

Sasa ungemwambiaje mjomba Beda? Kwenye simu hakuachi umalize sentensi. Mbele ya watu, mpwa hambishii mjomba, ni aibu ya ukoo mzima. Na bila kauli yake Natalia asingekwenda popote, kwa sababu Regina hakuwahi maishani mwake kumpinga kaka yake, hata juu ya chumvi ya mboga. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linakaribia kufungwa. Mjomba naye alikuwa ametangaza kwamba Jumapili anakuja Chanzuru kwenye sherehe ya kumpongeza mtoto, na kauli yake ataitoa hapo hapo, watu wakiwa wamejaa.

Natalia akapata akili, na aliipenda sana akili hiyo. Alimwendea Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri alikuwa mtani wao. Babu zake na babu za akina Regina walikata mkonge pamoja enzi za mashamba makubwa, na utani wao ulianzia huko ukarithiwa kama watu wengine wanavyorithi ardhi. Mtani anaweza kukalia kiti chako ukiwa umesimama, anaweza kukutukana kwenye msiba wa mama yako, na ni mwiko kumkasirikia. Kinywa pekee ambacho mjomba Beda asingeweza kukifunga kilikuwa hicho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeniletea nyama ya sherehe kabla ya sherehe?"

"Nimekuja kukutuma."

"Kwa yule mwizi wa Mikumi?"

"Kwa huyo huyo."

Natalia akamweleza yote, kuanzia utalii mpaka mifereji ya Kilangali. Bi Mwanakheri alisikiliza huku akichambua mchele, bila kuinua macho.

"Nimfikishie kwa namna gani?" aliuliza.

"Kwa namna yako, bibi."

"Namna yangu mimi ni moja tu. Sawa, nitamfikishia."

Natalia alirudi nyumbani akiimba. Alijiona amemaliza kazi, tena bila kutoa jasho.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani. Mjomba Beda alifika na gari lake na kofia yake pana, akapokewa kama padri mgeni. Bryson alikuja nyuma yake kwa pikipiki na kwenda kukaa kwenye benchi la pembeni. Pilau ilipopakuliwa, mjomba alisimama, akasafisha koo.

Hakufika mbali. Bi Mwanakheri alikuwa amekwishamnyang'anya kofia na kuivaa. Akakaa kwenye kiti cha mjomba, akashika usukani wa hewa, akaanza kuyumba kama gari kwenye mashimo.

"Wageni wangu, kulia kwenu mnamwona twiga," alisema kwa sauti ile ile ya Beda, kidevu juu. "Kushoto kwenu ni nyati. Na yule mrefu pale ni mpwa wangu Natalia. Amesoma fizikia na hisabati mpaka macho yamemtoka, ila msiogope, hang'ati. Alitaka kwenda kusomea maji alete mifereji huku kwao, nikamwambia hapana, mimi nataka mtu wa kukaa naye kwenye gari kuhesabu nyani."

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mjomba Beda. Alijishika mbavu, akafuta machozi, akamkabidhi Bi Mwanakheri paja zima la kuku kama faini ya utani, na kila mtu akaona jinsi alivyo mtu mzuri asiye na kinyongo.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Mtani kamaliza yake. Sasa tuje kwenye maneno ya kweli. Kesho Natalia anajaza utalii."

Hapo ndipo Natalia alipoliona kosa lake. Neno lake lilikuwa limefika, zima, halikupungua hata herufi, na lilikuwa limechekwa. Kwa kuwa mtani hakasirikiwi, mtani pia hajibiwi. Ukishamcheka umemaliza deni. Alikuwa amechukua jambo la maisha yake akalitia kwenye kinywa ambacho kila kinachotoka humo ni mzaha, na alifanya hivyo kwa sababu aliogopa. Alijikasirikia. Akasimama.

"Mjomba, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Aliyoyasema bibi Mwanakheri nilimtuma mimi. Si utani. Sitaki kusoma utalii."

Regina alimvuta kitenge kwa nyuma, mara moja, mara ya pili. Natalia hakukaa.

"Hutaki," alisema mjomba.

"Sitaki, mjomba. Naomba kusoma uhandisi wa umwagiliaji. Nimekaa kwako, nimewauliza watu waliokuwa wanakula pale mgahawani, wa mbugani na wa mashambani. Kila mahali mtu wa maji anatoka mbali na anachelewa. Hapa petu mto unaua mpunga na miezi michache baadaye hatuna maji ya kunawa. Kazi ipo, na itakuwepo nikimaliza."

"Na mimi niliyekaa na watalii miaka yote hii, sijui?"

"Unajua, mjomba. Unayajua ya pale ulipo."

Mjomba Beda hakupaza sauti, na watu wake walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Ukikosa kazi je? Ukarudi ukakaa hapa na cheti chako ukutani? Ninayemwona kila asubuhi ananitosha, Natalia. Sitaki kuona jambo hilo mara ya pili. Sitaki."

Watu walitupa jicho kwenye benchi la pembeni, kisha haraka wakarudisha macho kwenye pilau. Natalia naye alimtazama mjomba wake vizuri, pengine kwa mara ya kwanza. Siku zote alidhani ni mtu wa kiburi. Kumbe mtu mzima huyu alikuwa anaogopa, na alikuwa ameshikilia watalii kwa sababu ndio aliowaona kwa macho yake wakifika na kushuka garini. Alimwonea huruma, lakini hakulegeza neno.

"Nikikosa, nitakuwa nimekosa kwa nililolichagua mwenyewe, mjomba. Sitatafuta mtu wa kumlaumu."

Bryson aliweka sahani yake kwenye benchi akainuka. Hakuna aliyekumbuka ni lini mara ya mwisho alizungumza kwenye kikao cha ukoo.

"Baba, mwache achague," alisema. "Ualimu si kazi mbaya. Lakini sikuuchagua mimi, na kila nikiwasha pikipiki asubuhi nakulaumu wewe. Nimechoka kukulaumu."

Aliyasema bila ukali, kama mtu anayeeleza mahali panapomuuma kwa daktari. Mjomba Beda alimtazama mwanawe. Akamgeukia Natalia.

"Hayo maji una hakika nayo?"

"Nina hakika, mjomba."

"Basi kajaze." Kisha akapaza sauti ili hata waliokuwa jikoni wasikie. "Mimi Beda, mjomba wake, nimekubali. Mpwa wangu anakwenda kusomea umwagiliaji. Na mtu asimsemee tena, ana mdomo wake."

Regina, aliyekuwa akishika kitenge cha binti yake muda wote huo, alikiachia na kupiga vigelegele kwa sauti ile iliyokauka. Melkizedek alisema kuna moshi. Natalia alitoa simu, akakaa kwenye ncha ya benchi la pembeni ambako mtandao ulikuwa unashika, akaanza kujaza maombi hapo hapo, kabla mtu hajabadili mawazo. Alijua anachokiandika.

Natalia alikuwa bado hajamaliza, mjomba Beda alipokuja kukaa kwenye benchi lile lile, upande wa pili, karibu na Bryson. Aliweka mikono magotini.

"Wewe ulikuwa unataka kusoma nini?" aliuliza.

Bryson aligeukia barabarani. Nje ya ua lilikuwa limesimama gari la baba yake, vumbi la barabara ya Mikumi limelifunika mpaka vioo.

"Magari," alisema. "Kuyaunda, kujua yanavyofanya kazi ndani. Nilikuwa nalala chini ya gari lako mpaka mama ananivuta miguu nikale."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, baba."

Mjomba Beda alitikisa kichwa taratibu. Akamshika mwanawe goti, akakiacha pale kile kiganja chake kipana cha dereva.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Nieleze."