Nyoka wa Chungu cha Maua

Nilikuwa napalilia chungu changu cha maua kibarazani, akachomoza nyoka mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu. Mume wangu, mwalimu wa biolojia, akafurahi kama mtoto. "Nyoka kipofu huyu! Anakula mayai ya sisimizi. Wa aina hii wote ni majike, wanazaa bila dume. Mmoja tu akihamishwa na chungu, anatosha kuanzisha ukoo."

Mama mkwe, aliyeketi mlangoni, akanigeukia. "Umesikia? Kipofu, hana mume, na anazaa. Wewe je?"

Mimi nilishapimwa, sina kasoro. Aliyegoma kupimwa ni huyo mwalimu wetu. Nikamtazama, akainamia nyoka.

Nikamrudisha nyoka wangu udongoni, nikabeba chungu.

"Unakwenda wapi na dude hilo?"

"Kwetu, mama. Mwanao kasema mmoja anatosha."