Jina Zito la Ruta

Ruta ya Marsudi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ilikuwa na miezi tisa tangu iletwe nyumbani, na wiki tatu za mwisho ilikuwa mgonjwa. Hilo neno mgonjwa lilikuwa la mama yake, Bi Painem. Marsudi mwenyewe, aliyefanya kazi ya uchapaji hapo mjini Solo mpaka mashine mpya ikamrudisha nyumbani, alisema mtandao unakatika. Walikuwa wanasema jambo lile lile, ila mama alilisema kwa huruma zaidi.

Kukatika huko kulimkosesha raha. Kampuni moja ya Jakarta ilikuwa imempa kazi ya majaribio: akae nyumbani, avae vipokea sauti, awasaidie kwa simu wateja ambao mtandao wao unakatika. Msimamizi alimwambia bila kuficha kwamba mtu ambaye laini yake itakatika mara tatu akiwa kazini hawezi kumfundisha mwenzake. Ilikuwa imeshakatika mara mbili. Jaribio la mwisho lilikuwa kesho saa nne asubuhi, saa nzima, msimamizi mwenyewe akisikiliza. Marsudi alikuwa na miaka thelathini na minane, na kazi nyingine hakuona itatokea wapi.

Kwa hiyo asubuhi ya siku moja kabla aliigeuza ruta, akasoma namba zilizobandikwa tumboni mwake, akaziandika kwenye kompyuta, akaingia kule ndani kwenye mipangilio ambako fundi alimkataza asiguse. Akaihamisha chaneli ya mawimbi kutoka sita, ambako ruta zote za maduka ya barabarani zilikuwa zimesongamana, akaipeleka kumi na moja. Akaipa kompyuta yake kipaumbele. Mtandao ukakatika. Uliporudi akafungua ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa, akahesabu kumi na tisa. Nyumba yao ilikuwa na simu mbili na kompyuta moja.

Hakuhitaji mpelelezi. Kulikuwa na simu ya Bi Jumiati muuza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, na za binti zake. Kulikuwa na simu ya Mzee Karyadi, ambayo ilining'inizwa kwenye tundu la ndege wake kuanzia alfajiri hadi magharibi, ikicheza video za ndege mabingwa ili wa kwake ajifunze kuimba. Yaani ndege alikuwa anatumia mtandao kuliko mwenye ruta. Na neno la siri waligawiwa na Bi Painem siku ile ile ruta ilipofungwa, pamoja na ndizi za kukaanga.

Kulibadilisha ni kazi ya dakika moja. Lakini kwenye uchochoro ule, kubadilisha neno la siri ni kumfungia mtu mlango wakati anavua ndala zake kizingitini. Marsudi hakuwa na uso wa kufanya hivyo.

"Tatizo ni jina," alisema mama yake, akiwa amesimama nyuma yake na upawa mkononi. "Hiki kidude umekiita nani?"

"Prabu Mulyajaya Agung."

"Mfalme mtukufu, mshindi, mkuu! Plastiki hii! Jina limemzidi uzito, ataachaje kuugua? Wewe mwenyewe umesahau? Marehemu baba yako alikuita Prabu Wicaksana, ukaharisha mpaka tukahesabu mbavu. Tulipokubadilisha ukaitwa Marsudi, siku ya tatu unakimbiza kuku."

"Mama, hii ni mashine."

"Mashine, lakini kudhoofika inadhoofika. Mpe jina jepesi. Mwite Slamet, awe salama. Mimi naenda kupika uji."

Marsudi alitaka kubisha, kisha akanyamaza, maana aliona njia imefunguka. Jina likibadilika, simu zote zinatoka nje. Na hakuna mtu mwenye adabu anayemuuliza mgonjwa kwa nini amebadilisha jina. Akafuta Prabu Mulyajaya Agung, akaandika Slamet. Kisha hapo chini yake, kwa uchungu wa wiki tatu, akafuta na neno la siri, akaweka maneno aliyokuwa akiyasema moyoni kila laini ilipokatika: nunueniyenu. Akahifadhi. Taa za ruta zikazimika, zikawaka. Akaiunganisha upya kompyuta, simu yake na ya mama. Vifaa vitatu. Alifurahi mpaka akaona aibu, halafu akaendelea kufurahi.

Alichosahau ni uji. Jina jipya halishiki mpaka majirani wale uji wa mchele, mwekundu wa sukari guru na mweupe wa tui, na waambiwe aliyebadilishwa sasa anaitwaje. Bi Painem alizunguka na sinia nyumba kumi na nne akitangaza: Slamet, jamani, muombeeni. Ilipofika alasiri, watu sita walikuwa mlangoni, kila mmoja na simu yake.

"Hongera ya jina," alisema Mzee Karyadi. "Slamet tumemwona. Ila anakataa kutupokea."

"Anauliza pasiwedi," alisema Bi Jumiati. "Ile ya zamani haitaki hata kuisikia."

"Sudi, mwanangu, waambie wenzako," alisema Bi Painem. "Au imebadilika yenyewe?"

Angeweza kusema ndiyo, imebadilika yenyewe, na akafungua mdomo aseme hivyo. Lakini mama alikuwa amesimama na sinia tupu kifuani, amechoka na amefurahi, na Marsudi akauacha ule uongo.

"Andikeni," alisema. "Nunueni."

"Nunueni," wakaitikia, vidole vikifanya kazi.

"Yenu."

Hapo hakuna aliyeitikia. Waliandika tu.

"Ni neno moja au mawili?" aliuliza Mzee Karyadi.

"Moja, mzee."

"Herufi ndogo zote?"

"Ndogo zote."

"Haya. Tunashukuru sana."

Wakashukuru mmoja mmoja, wakaondoka. Bi Painem akaenda kuosha sinia bila kusema neno, naye si mtu wa kuosha vyombo kimya kimya.

Kesho yake saa nne Marsudi alivaa vipokea sauti. Alimsaidia mwanamke wa Makassar, kisha mwalimu mstaafu wa Medan aliyekuwa anaitukana ruta yake kwa Kiholanzi. Pembeni mwa kioo aliacha ule ukurasa wa vifaa wazi, akisubiri idadi ipande. Ilisimama kwenye tatu. Baadaye ikashuka hadi mbili, simu ya mama ilipotoka. Saa tano kamili msimamizi akaingia kwenye laini.

"Mtandao wako umetulia, kaka. Jumatatu unaanza."

Marsudi alishukuru, akavua vipokea sauti, na badala ya kufurahi akautazama tena ule ukurasa. Saa nzima hakuna jirani aliyeingia. Walikuwa wamelisoma lile neno na kulitii. Kazi ameipata, uchochoro ameupoteza, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyodhani. Alitoka kwenda kuomba radhi nyumba moja baada ya nyingine.

Hakufika mbali. Wote sita walikuwa kwenye benchi la Bi Jumiati, mama yake katikati, simu zimelazwa kifudifudi magotini. Tundu la ndege wa Mzee Karyadi lilikuwa pembeni, limefunikwa kitambaa.

"Imekatika?" aliuliza mama.

"Haikukatika. Nimepata."

Walishusha pumzi, wengine wakimshukuru Mungu kwa sauti.

"Jana ulipotutajia yale maneno," alisema Bi Jumiati, "nilimfuata mama yako jikoni. Nikamwambia huyu mtoto ana shida. Sudi ninayemjua mimi hawezi kuandika hivyo akiwa mzima. Ndipo akanieleza habari ya saa nne."

"Kumbe mlizima simu? Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe ulituambia?" alisema Bi Jumiati, bila hasira yoyote.

Marsudi alitafuta lile ombi la radhi alilolipanga njiani, asilione.

"Sasa tunaweza kuingia?" aliuliza Mzee Karyadi, akivuta kitambaa. "Ndege wangu amekosa somo zima."

"Ingieni," alisema Marsudi.

Wakasogea kumpa nafasi. Akakaa kati yao, na machozi yakaanza kumtoka. Wote wakainamia simu zao, kila mmoja akitazama ya kwake kwa makini sana, ili wasimwone akilia.