Mitalawanda Darini

Mwaka 1983 Sikukuu ya Taifa iliangukia Ijumaa, na watu wa Ibra, Omani, wakafanya tamasha la siku mbili. Asubuhi mbio za ngamia, mchana razha, ile ngoma ya wanaume ya panga, na baada ya sala ya alasiri muziki wa vyombo vya nyuzi katika ua wa jumba la kale. Kwa ajili ya muziki huo ndiyo tukaitwa sie.

Sie tulikuwa watu watatu. Mie, Thuraya, nilikuwa na fidla, niliyofunzwa na ami yangu kule Mkunazini kabla hatujaondoka Unguja. Kaka yangu Hamdun alikuwa na udi. Wa tatu alikuwa Mmarekani, mchimbaji wa visima, jina lake Dwight, lakini Hamdun alimwita Daudi na jina likamganda. Yeye akipiga banjo, chombo cha nyuzi tano chenye tumbo la ngozi iliyowambwa kama dufu. Kwao milimani, alituambia, mwisho wa wiki watu hukusanyika na mafidla na mabanjo yao, hawataki umeme wala vipaza sauti, wakapiga nyimbo za babu zao mpaka wachoke. Alinisikia siku aliyokuja kutazama kisima chetu Nizwa, na tangu siku ile kila Alhamisi alikuwa kwetu majlisi, banjo mapajani. Nyimbo zake zilikuwa za mbio. Zetu za mwendo wa pole. Ilituchukua mwaka mzima kujua tukutane wapi.

Tulifika Ibra Alhamisi kabla ya adhuhuri. Jumba lilijengwa na tajiri mmoja aliyechuma Unguja, na lilikuwa halikaliwi kwa miaka mingi. Watu wa tamasha walikuwa wamefagia ua, wametandika mikeka na kufunga bendera ndogondogo, lakini juu hapakuwa na la kufanya. Ngazi ilikwishaporomoka. Sakafu ya orofani ilikuwa imeanguka yote, zimebaki boriti chache zinaning'inia, na pembeni kabisa chumba kimoja chenye dirisha la mbao, hakifikiki kwa njia yoyote. Ukisimama uani ukainua kichwa, unaona mbingu.

Tukakaa mkekani tujaribu wimbo mmoja wa Daudi. Jua lilikuwa utosini. Hatukufika mbali, nikasikia juu yetu: ko, ko, ko.

Hamdun akasema, "Mbuzi huyo."

Tukaendelea. Ko, ko, ko, sawasawa na mapigo ya banjo, bila kukosea hata moja. Tuliponyamaza, yakaja mapigo mawili zaidi, kisha kimya.

Mtu aliyekulia Unguja hahitaji kuambiwa sauti ile ni ya nini. Mama yangu, mashangazi zangu, kila mwanamke wa nyumba yetu alikwenda msalani na mitalawanda miguuni, vile viatu vya mbao, na vikigonga sakafu utajua nani anapita kabla hujamwona. Nikamtazama Hamdun. Naye alikwisha kuinua kichwa.

"Nani huyo anayecheza?" Daudi akauliza kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, anacheka. "Anajua kupiga, wallahi."

"Daudi," Hamdun akamwambia, "tazama juu. Hakuna sakafu."

Daudi akatazama. Akatazama tena. Kisha akaanza kukaza nyuzi zake ambazo hazikulegea.

Baada ya alasiri ua ukajaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule na watoto wao. Nilisikia mzee mmoja akinung'unika, mwanamke na fidla mbele za watu, ndiyo mambo gani haya, lakini kaka yangu alikuwa kando yangu na mzee akayaachia hapo. Tulianza na wimbo wetu wa Unguja, watu wakatulia. Wa pili ukawa wa Daudi.

Mitalawanda ikaanza pamoja nasi. Watu wakainua vichwa, wakacheka, wakapiga makofi. Walidhani tumemficha mtu juu kwa ajili ya kuwafurahisha. Mie nikaona tumalize upesi. Lakini mapigo ya juu yakatutangulia kidogo, na Daudi, ambaye siku zote alinigombeza nikikimbia, akayafuata. Yakazidi. Akayafuata tena. Nilitaka kusimama. Nauambia mkono usimame, na mkono unakwenda, upinde unakata nyuzi mbele nyuma, bega linaniwaka moto. Makofi ya watu yakaanza kupungua. Nikaona damu kwenye ngozi nyeupe ya banjo, vitone vidogo vidogo kutoka vidoleni mwa Daudi, naye ameyatoa macho kama mtu anayeburutwa.

Uzi wa udi ukakatika, pa! Kisha wa pili. Hapo Hamdun akawa kama aliyezinduka. Akautupa udi, akanishika mkono wangu kwa nguvu, kisha akamrukia Daudi akamshika naye.

Tukanyamaza. Juu hakukunyamaza.

Sasa haikuwa mbio tena. Ilikuwa taratibu: tatu, kimya kirefu, kisha mbili. Tatu, kimya, mbili. Wanawake wakaanza kukusanya watoto wao bila kusema kitu, na kabla ya magharibi ua ulikuwa mtupu.

Alibaki bibi mmoja tu, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Nikamwendea.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nyie watu wa wapi?"

Alisema Kiswahili cha mjini kabisa, kama cha bibi yangu. Nikamjibu, Mkunazini.

"Na yeye wa huko huko," akasema, akaelekeza kidevu juu. "Malindi ya Unguja. Mie Kaltham. Nyumba yangu ile ya jirani. Njoo kesho asubuhi, peke yako."

Usiku ule, nyumbani kwa mwenyeji wetu, Hamdun alisema kukicha tu tunarudi Nizwa. Daudi, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa, alikuwa akifuta damu kwenye ngozi ya banjo. Asubuhi niliwaacha wakitiliana kahawa, nikaenda.

Bi Kaltham alinikaribisha, akaniwekea tende, akaniuliza habari za watu wa Unguja ambao wengine wamekufa kabla sijazaliwa. Nilimwacha azunguke. Mwisho akafika mwenyewe.

"Bi Shukriya alikuja hapa bibi harusi," akasema. "Nimekuja naye jahazi moja, mie mwari wa miaka kumi na minne, wa kumfanyia kazi. Yeye akipiga udi, mwanangu, utasahau kula. Mumewe alikuwa akimsikia kule, akampenda kwa hilo. Kufika huku, ndugu wa mume wakasema hii ni aibu. Basi udi ukatiwa jikoni, chini ya sufuria ya halwa. Nimeuona ukiwaka."

"Akafanyaje yeye?"

"Akapiga kwa miguu. Alikuwa na wimbo wake, aliutunga mwenyewe, ndani yake ameacha nafasi ya mitalawanda. Anaimba kwa pumzi tu, asisikike, kisha ko, ko, ko. Mchana kutwa. Mumewe akamfungia chumba cha juu mpaka atulie. Hakutulia. Akashikwa na homa. Alinigongea siku mbili."

Akawa anazungusha kikombe chake cha kahawa.

"Ufunguo alikuwa nao nani?" nikauliza.

"Mie," akasema Bi Kaltham. "Niliambiwa nikifungua nitarudishwa Unguja kwa fedheha. Siku ya tatu hakugonga."

Nje watoto walikuwa wakipita na bendera, wanaimba. Nikafungua mfuko nikatoa fidla.

"Wimbo wenyewe unaukumbuka, Bi?"

"Sijaufungulia kinywa miaka zaidi ya hamsini."

"Jaribu."

Aliuanza kwa kunong'ona, sauti inakatika, anarudi nyuma, anaanza tena. Nikamfuata pole pole na upinde. Ulikuwa wimbo mfupi, na kila ulipofika mahali pa mitalawanda yeye akanyanyua kidole kunizuia, tukangoja, kisha tukaendelea. Tuliurudia mpaka adhana ya Ijumaa.

Hamdun alikasirika nilipomwambia tutapiga tena. "Umeona vidole vya huyu? Wataka kutuua?" Lakini Daudi akasema, kwao fundi wa muziki akiingia katikati ya wimbo husikilizwa, hafukuzwi, na jana sie hatukumsikiliza. Hamdun akatia nyuzi mpya udi wake, huku anasoma Ayatul Kursi.

Alasiri ile nilidhani hatatokea mtu. Walikuja wengi kuliko jana. Hofu nayo huwaleta watu. Mabawabu wakafunga lango kubwa kuwazuia waliobaki nje. Bi Kaltham alikaa mbele, upande wa wanawake, shela lake jeusi amelivuta mpaka kwenye nyusi.

Nikaanza wimbo peke yangu. Udi ukaingia, kisha banjo, kwa upole sana, Daudi akitumia vidole viwili vizima. Tukafika mahali pake tukaacha.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Tukaendelea. Mara ya pili ikatoka mahali pengine, si chumbani tena, katikati ya ule uwazi wa juu, palipo na mbingu tupu. Mara ya tatu ikaanza kushuka. Ngazi haikuwapo, lakini niliihesabu ngazi ile kwa masikio, kidato baada ya kidato, na mwisho ule mlio wa mbao juu ya saruji ya ua wetu. Mkono wangu ulikuwa wangu safari hii. Hakuna aliyeukimbiza.

Wanawake wakaanza kupisha. Hakuna aliyewaambia. Walivuta miguu, wakavuta nguo zao, ukafunguka ujia katikati yao, na mitalawanda ikapita humo hata ikafika mbele ya Bi Kaltham. Ikasimama.

"Shikamoo, Bibi," akasema Bi Kaltham.

Mie sikusikia kitu. Hamdun hakusikia. Lakini Bi Kaltham aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitikiwa, machozi yakamtiririka.

Mitalawanda ikaondoka, ikaenda mpaka langoni. Kisha tukasikia mbao za lango zikigongwa kwa ndani, kwa konzi, mara tatu. Mabawabu walikimbilia ukutani. Daudi aliacha kupiga. Ua mzima, wanaume na panga zao viunoni, hakuna aliyejisogeza.

Bi Kaltham akajishika bega la aliyekaa kando yake, akainuka. Mwanamke mmoja alitaka kumzuia, akamsukuma. Alikwenda peke yake mpaka langoni, akalisukuma komeo kwa mikono miwili, likakwama, akalisukuma tena kwa bega, akafungua lango lote, bawa hili na bawa lile.

"Pita, Bibi," akasema. "Pita."

Mie niliendelea na wimbo mpaka mwisho, kwani sikujua nifanye nini jingine.

Watu walitoka kimya, wengine kwa kukimbia. Hamdun alipakia vyombo garini, na nijuavyo mie hajaugusa udi wake tena tangu siku ile. Daudi alikwenda kunawa mikono, akakawia. Mie nilimtafuta Bi Kaltham kumuaga. Nilimkuta nje, amekaa kizingitini, anaitazama njia ya vumbi inayoteremka baina ya kuta za mashamba ya mitende.

"Nikurudishe nyumbani, Bi?"

"Bado. Hajafika mbali."

Nikatazama anakotazama. Njia ilikuwa tupu. Mwisho wake, kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, wanawake wawili ambao hawakuja tamashani walikuwa wamechutama wanaosha vyombo, wanazungumza. Mmoja akavuta sufuria yake, mwenziwe akarudisha mguu, kama mtu anavyompisha mpita njia, wala hawakukatiza mazungumzo yao.