Alama za Fundi Vigae

Fundi vigae mmoja, ambaye wenzake walimwita Milimita kwa ukali wake wa vipimo, alikuwa hajagusa kazi kwa miezi mitatu. Hakuwa ameumia popote. Asubuhi moja alikaa ukingoni mwa kitanda afunge kamba za viatu, mikono ikagoma. Akarudi kulala. Kesho yake ikawa vile vile. Mwishowe dada yake mdogo, mwalimu asiyejua kuambiwa hapana, alimkokota mpaka zahanati.

Daktari alisema ni sonona, akamwandikia vidonge, kisha akampeleka kwa mshauri, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mshauri alimuuliza bila kuzunguka kama huwaza kujidhuru. Fundi akasema hapana, na ilikuwa kweli. Alichotaka ni kulala tu. Ndipo akapewa karatasi yenye mistari. Mara tatu kwa siku aandike anachofanya, na hali ya moyo wake kuanzia sifuri mpaka kumi.

Wiki iliyofuata alirudi na tano. Tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, siku zote saba.

Mshauri akaitazama karatasi. "Fundi, hii umeijazia wapi?"

"Kwenye benchi, hapo nje," alikiri, uso ukimshuka.

"Sasa nimtibu nani? Wewe au benchi?"

Aliondoka amenuna, lakini maneno yale yalimkaa. Yeye aliyezoea kung'oa kigae kizima kwa sababu kimepinda unywele mmoja, leo anapeleka vipimo vya uongo! Jioni ile aliandika: "Nimelala. Moja." Iliuma kuiona, ila hakuifuta.

Baada ya wiki mbili za kweli tupu, mshauri alichukua kalamu nyekundu.

"Unaniambia Jumapili unapumzika. Ziangalie: moja, moja, sifuri. Na hii nne ya Alhamisi imetoka wapi?"

Fundi akainama kusoma. "Nilikuwa kwa dada. Tulibishana kuhusu sakafu ya jikoni kwake. Kuna mtu kaiharibu vibaya sana."

"Na nne ya Jumanne?"

"Huko huko. Nilikwenda kumwonyesha dada makosa ya huyo mtu."

Mshauri akatabasamu. "Basi Jumapili hii nenda ukaitengeneze, hata ukiamka na sifuri. Usingoje hamu, haitakuja kukugongea mlango. Vigae vitatu tu, kisha andika."

"Nikishindwa je?"

"Andika umeshindwa. Nayo inanifundisha kitu."

Jumapili aliamka na sifuri. Kuoga tu kulimla saa nzima. Akaenda hivyo hivyo, ndoo mkononi, miguu mizito kama ya kukopa.

"Kaka, umekuja kula au kugombana?" dada aliuliza.

"Nimekuja kung'oa."

Kigae cha kwanza kilikaa. Cha pili kilimsumbua mpaka akaketi chini, machozi yakamtoka. Dada akaketi naye pale pale kwenye vumbi la saruji. Fundi alipofuta uso, akakinyoosha kile cha pili. Cha tatu hakukiweza. Akaandika: "Viwili. Nimelia. Tatu."

Sakafu ile ilichukua wiki sita. Katikati kulikuwa na wiki nzima ya moja na sifuri, akataka kuchana karatasi zote. Mshauri alizipanga mezani, akamwonyesha kwamba siku mbaya ni zile alizoanza kazi mchana, akiwa amekwisha kuchoka kwa kujilaumu asubuhi nzima. Wakahamishia kazi saa mbili asubuhi. Polepole nne zikaongezeka. Ikaja hata sita moja, akaizungushia mwenyewe.

Siku moja mkandarasi mmoja alimpigia kuhusu vyoo vya shule.

"Nitakuja," fundi alisema, "lakini mwisho wangu saa sita mchana."

"Kwani vipi? Zamani ulikuwa unakesha kazini!"

"Nilikuwa naumwa, bado natibiwa. Asubuhi ndiyo ninaiweza. Nimejipima, naijua."

Mkandarasi akasema, "Basi njoo kesho."