Mlango wa Mama Mkwe

Redio anasema yeye ndiye aliyeung'oa ule mlango. Anasema maji yalikuwa yamefika kiunoni, watu wanalia, fundi seremala amechanganyikiwa hajui ashike lipi aache lipi, ndipo yeye akapiga teke moja tu. Mlango ukaruka kama karatasi, akaudaka ungali hewani, akampakia mama wa watu na kuondoka naye. Ukimsikiliza leo, wabebaji walikuwa wawili. Kesho utamkuta yuko peke yake. Hawakumwita Redio bure. Hazimiki, na betri zake haziishi.

Mshonaji humsikiliza huku anakanyaga cherehani, wala hamkatizi. Anajua kwamba maji siku ile yalifika kwenye vifundo vya miguu, na kwamba mlango ulitoka kwa kuchomoa pini mbili. Lakini anajua pia kwamba aliyeshika pembe ya nyuma, upande wa kushoto, alikuwa Redio huyu huyu, na hakuiachia hata tope lilipomvua kiatu. Mtu aliyembeba mama mkwe wako, utagombana naye kwa sababu ya kutia chumvi?

Mtaa wao uko bondeni. Nyuma ya nyumba unapita mtaro mkubwa, na mvua zikizidi, mtaro hukataa kumeza. Mwaka wa kwanza wa mafuriko kila mtu alikimbia na lake. Mama mkwe wa mshonaji, ambaye miguu ilikuwa imeshamgomea tangu alipopooza, alitolewa kwa shuka. Shuka likapasuka katikati ya njia. Bibi wa watu akazama hadi utosini, na mshonaji akamdaka kwapani na kumvuta juu, huku akipiga kelele kwamba amemuua mama wa mtu. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini kama kawaida yake. Tangu siku hiyo mshonaji akisikia matone juu ya bati, usingizi humruka.

Maji yalipokauka, watu wa mtaa wakakaa chini wakasemezana. Fundi seremala ndiye aliyeleta wazo.

"Shuka halina mfupa," alisema. "Mlango una mfupa."

Akazibadilisha bawaba za mlango wa mshonaji, akaweka za pini. Chomoa ya juu, chomoa ya chini, mlango unakuwa machela. Walikubaliana pia kwamba aishiye karibu na mtaro, akiona maji yamefika kwenye mstari mwekundu waliouchora ukutani, apige sufuria. Wa pili apokee, wa tatu apokee, mpaka nyumba ya mwisho. Wabebaji wanne wakachaguliwa. Orodha ya nani atolewe kwanza akaiandika mshonaji, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, ingawa shule yake iliishia ya msingi. Namba moja akamwandika mama mkwe. Hakuna aliyebisha.

Wakafanya mazoezi Jumapili moja, jua limewaka. Pini zikatoka, mlango ukatoka, na mama mkwe akapandishwa barabarani kama bibi harusi.

"Polepole jamani! Mimi si gunia la mkaa!"

"Mama, gunia la mkaa halisemi," Redio akamjibu, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Walipomrudisha kitandani, yeye hakucheka. Alimtazama fundi.

"Mwanangu, mafuriko yenu huja na jua?"

"Hapana, Mama."

"Basi njooni siku ya mvua."

Watu waliona ni ukaidi wa uzee. Mshonaji hakuona hivyo. Mvua za kwanza ziliponyesha siku tatu mfululizo, alijitwika mfuko wa nailoni kichwani akapita mlango kwa mlango kuwaita wabebaji. Walikuja wananung'unika, mmoja bado anatafuna.

Pini hazikutoka.

Mlango ule unatazama upande mvua inakotoka, na chuma kilikuwa kimekunywa maji kikashika kutu. Fundi akapiga nyundo. Akapiga tena. Akavua shati. Mama mkwe alikuwa ndani anasikiliza, na kila pigo lilimuumiza fundi kuliko matusi. Mshonaji akaingia ndani akatoka na kikopo cha mafuta ya cherehani. Akadondosha matone juu, akadondosha chini.

"Tusubiri kidogo, Fundi. Hata cherehani ikikwama haipigwi."

Wakasubiri. Baadaye pini ya juu ikazunguka, kisha ya chini.

"Nilipima mbao," fundi alisema, macho chini. "Mvua sikuipima. Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?" sauti ikatoka ndani. "Umekosea mimi nikiwa mkavu. Mungu akupe nini tena?"

Tangu hapo, kila jioni ya msimu ule, mshonaji alichomoa pini zote mbili, akazifuta kwa kipande cha kitambaa, akazipaka mafuta na kuzirudisha. Majirani wengine ambao fundi aliwawekea bawaba kama zile wakaanza kuja na vifuniko vya chupa kuomba tone. Hakumnyima mtu.

Maji yalikuja mchana, saa nane hivi. Mshonaji alikuwa anapinda sketi ya shule aliposikia sufuria ya kwanza, halafu ya pili. Hakukata hata uzi. Fundi alifika, Redio akafika, na wenzao wawili nyuma yao. Pini zilitoka kwa vidole viwili. Wakamlaza mama mkwe juu ya mlango, wakamfunika nailoni, wakapanda naye kilima kuelekea shuleni.

Njiani walimpita mke wa kinyozi. Alikuwa amehamia mtaani majuzi, orodha ikiwa imeshaandikwa, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alitembea akishika ukuta kwa mkono mmoja, ndoo ya nguo kichwani. Wabebaji walimpa pole. Mikono yao ilikuwa imejaa. Mshonaji akaipokea ile ndoo, basi. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika nailoni isipeperuke.

Shuleni walihesabiana. Hakuna aliyekosekana, si mtoto si mzee. Mke wa kinyozi aliingia nyuma ya wote, magoti yamechunika, anatetemeka, lakini mzima. Mshonaji alizunguka darasani akimshukuru kila aliyeshika pembe, kisha aliyepiga sufuria, kisha akaanza upya.

"Dada, punguza," Redio alimwambia, akikamua soksi moja. "Hizo asante utazimaliza. Weka na za mwakani."

Mshonaji alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Mama mkwe alikuwa bado amelala juu ya mlango wake, uliowekwa kwenye madawati mawili. Mshonaji akapiga magoti akamkausha miguu.

"Asante, mwanangu," mama mkwe alisema. "Mwaka jana nilikunywa maji ya mtaro. Leo hata kitambaa cha kichwa hakijalowa."

"Ni Mungu na hawa watu, Mama."

"Na kikopo chako. Ile orodha unayo?"

"Ninayo. Iko kwenye nailoni, kifuani."

"Itoe. Namba moja ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

Mama mkwe akageuza shingo kidogo kuelekea ubaoni, ambako mke wa kinyozi alikuwa amesinzia sakafuni, mikono imekumbatia tumbo.

"Nilimwona njiani. Mimi juu kama malkia, yeye chini anapapasa ukuta. Nifute hapo, umwandike yeye. Mimi niweke namba mbili."

Mshonaji aliishika karatasi. Mwaka jana, kutoka shuka kupasuka mpaka yeye kumpata kwapani, hapakuwa na nafasi hata ya kuhesabu mpaka kumi. Namba moja na namba mbili zinaachana kwa safari nzima ya kilima, kwenda na kurudi.

"Mama, atakuwa ameshajifungua kabla ya mvua nyingine."

"Basi watakuwa wawili." Alinyoosha mkono akamgusa shavu. "Sikuamrishi. Ni wewe uliyeandika, na ni wewe uliyenitoa majini. Nakuomba tu, mwanangu. Kalamu si unayo?"

Kalamu alikuwa nayo. Mshonaji akaiweka karatasi kando, hajafuta kitu, akauchukua mguu wa pili, akaendelea kuukausha, kidole kimoja kimoja.