Kiapo cha Juzuu ya Pili

Jumanne asubuhi Katunge alifungua maktaba ya jamii ya Kikima, akafagia kinyesi cha popo, akawasha redio, kisha akapangusa juzuu za marejeo. Alianza na ya pili. Ndiyo iliyoshikwa zaidi, na jalada lake lilikuwa na alama za jasho la viganja.

Juzuu hizo zilitoka kwa wafadhili ng'ambo. Maktaba iliomba vitabu vya kemia vya kidato cha nne. Yakaja makatoni ya vitabu vizito vyeusi, kazi ya wasomi waliozunguka Mashariki ya Kati wakinakili maandishi ya kale ya Kisemiti yaliyochongwa kwenye mawe: ya Wafoinike, ya Waaramu, ya watu wa Yemen ya zamani. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya jiwe, herufi zake, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya mahali lilipookotwa na nani alilivunja. Katunge alikuwa na diploma ya ukutubi na hakupenda kutunza kitu asichokijua, kwa hiyo alivisoma. Aligundua kwamba watu wa kale walihangaishwa na mambo mawili: mtu kusogeza mpaka wa shamba, na mtu kufukua kaburi. Karibu kila jiwe lilimlaani mmoja wao.

"Hawa ni Wakamba kabisa," alimwambia Musyoka, naibu wa chifu, aliyekuja kuchaji simu.

Musyoka hakucheka. Ofisi yake ilijaa kesi za mashamba, na watu walikuwa wameapa kwa Biblia mpaka wakaizoea. Kithitu, kile kiapo cha wazee kinachomaliza mwongo pamoja na ukoo wake, kilikatazwa makanisani, na yeye mwenyewe alikuwa shemasi.

"Hiki kitabu ni cha dini gani?" aliuliza.

"Si cha dini. Ni cha wasomi."

"Basi hakina dhambi. Niazime."

Vitabu vya marejeo haviazimwi. Ndiyo maana viapo vilifanyiwa maktabani.

Wa kwanza alikuwa Nzau, aliyeng'oa mikonge ya mpaka na kuipanda upya ndani ya shamba la mjane. Aliweka mkono juu ya juzuu ya pili, akaapa kwamba mikonge ilikuwa pale tangu zamani za babu yake. Hakuwa amefika kwa mwenye bucha alipotokwa na herufi kwenye paji la uso, nyeusi, ndogo, zimepangwa vizuri. Wakamrudisha. Katunge alimkalisha penye mwanga akapekua picha.

"Geuka. Hapana, huku. Jiwe lako ni la kando ya Bahari ya Kati."

"Linasemaje?"

"Linasema mlango wako usahau sauti ya wajukuu."

Nzau akauliza kama sabuni ya kipande ingezitoa. Hazikutoka. Alinunua kofia, na mikonge ikabaki pale pale alipoipanda, maana ilibidi mpimaji wa ardhi aje kwanza, na mpimaji hakuja. Baadaye wengine walipata zao, shingoni, shavuni, mgongoni. Katika duka la Abdiya skafu na kofia zilikwisha, akaagiza nyingine Nairobi. Watu wakasalimiana kama kawaida.

Halafu ikawa zamu ya Katunge.

Kifungua mimba wake, Ndinda, alikufa kwa nimonia mwaka ambao angeanza shule. Walimzika nyumbani, kwenye kona ya shamba juu ya mto wa mchanga, wakazungushia mawe waliyoyapaka chokaa. Bado watu walimwita Katunge Mama Ndinda. Jumamosi moja aliteremka kuchuma kunde, akaikuta kona haipo. Ukingo wa mto ulikuwa umekatwa wima kama mkate. Chini yake palikuwa na nyayo za magurudumu na jiwe moja jeupe. Malori ya mchanga yalimaliza mchanga wa mtoni, yakachimba ukingo, yakaondoka na kaburi.

Katunge alisimama na kunde mkononi hadi mbuzi wakaja wakazila kutoka kwenye vidole vyake, na hakuhisi.

"Nataka mifupa ya mtoto wangu," alimwambia Musyoka. "Sitaki kingine. Lori haliwezi kufika pale bila kupita lango letu. Aliyelifungua anajua mchanga ulienda wapi."

Musyoka akawaita wanaume wote wa ukingo ule. Kivuva, jirani wa chini, aliapa akatoka safi. Wengine vilevile. Wa mwisho alikuwa Mulinge, mume wa Katunge, na aliitwa kwa ajili ya utaratibu tu, kwa kuwa baba hashukiwi. Alikunja mikono ya shati kama mtu anayetaka kuchinja, akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Sijui ni nani alifungua," alisema.

Herufi zilianza kwenye kifundo cha mkono kabla hajamaliza kusema. Zikapanda kwa mistari, kutoka kulia kwenda kushoto, hadi kwenye kiwiko.

"Aiya, Baba Ndinda," Kivuva alisema, akatoka nje kutema mate. Musyoka akatazama dirishani.

Katunge alichukua kioo cha kukuzia, kwa sababu ilikuwa kazi yake. Akaulaza mkono wa Mulinge mezani. Maandishi yale hayakuwa katika juzuu yoyote, hivyo aliyasoma herufi moja moja kwa kutumia jedwali la nyuma ya kitabu.

"Hapa amelala Ndinda, binti Mulinge," alisoma. "Atakayemfukua..."

"Malizia," Musyoka alisema.

"Hakuna zaidi. Yamekatikia hapo." Akaweka kioo chini. Sauti yake ilimtoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba kingine. "Ulifungua lango."

"Waliniambia hawatapita mkuyu, hawatafika kaburini."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilienda kunywa chai."

Katunge akaifunga juzuu. "Ukaniacha nikushikie kitabu uape. Ukaniangalia."

"Nilidhani hicho kitabu ni cha mipaka tu," Mulinge alisema. "Mchanga ulienda Emali, Mama Ndinda. Kutoka hapo sijui. Barabara ya Mombasa yote inajengwa."

Katunge alienda Emali. Nyuma ya stesheni marundo ya mchanga yalipangana, rangi moja, urefu mmoja. Gicheru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimletea kiti na soda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nisikudanganye. Mchanga ukishafika hapa hauna kwao. Wa juzi ulishachanganywa na simiti. Sijui ni ukuta, sijui ni choo."

Katunge akarudi nyumbani na soda yake haijafunguliwa.

Musyoka aliandika kwamba malori yalikuwa na kibali na kwamba mahakama haitambui mkono wa mtu kama ushahidi. Katunge alifunga lango kwa kufuli jipya. Asubuhi alilikuta wazi, Mulinge amesimama kando.

"Sasa wakipita au wasipite," alimwambia, "kumebaki nini cha kulinda?"

Katunge alimpiga kofi. Mulinge akapokea, akarudi kusimama pale pale.

Jumapili baada ya kanisa, Katunge alitoa kigoda uani na beseni la maji.

"Kaa hapo. Nyoosha mkono."

Mulinge aliketi. Katunge alimwosha kuanzia kifundo hadi kiwiko, polepole, akifuata mistari, kama alivyokuwa akifagia majani pale konani kwenye kaburi. Alitoa kijiti kilichonasa kwenye nywele za mkono. Akaukausha kwa leso yake, akaweka ua la bogenvilia juu ya jina, akapiga magoti, akaomba. Majirani waliopita njiani walivua kofia, hata Nzau, herufi zake zikaonekana.

Lori likapiga honi huko mtoni. Mulinge hakusogea hadi mkewe aliposema amina. Ndipo akaliondoa ua, akamrudishia kwa mikono miwili, akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, na kuteremka kufungua lango.